Imogen, Binti wa Herufi Iliyoteleza

Leo sina sungura wala fisi, wanangu. Nina jina la msichana, na jina lenyewe lina visa kumshinda sungura. Huandikwa Imogen. Waingereza wenyewe hutamka Imojen, wakikaza sauti pale mwanzoni kwenye I. Hiyo g yao husomeka kama j ya jembe. Huku kwetu ni nadra mno kulisikia. Unaweza kusoma kuanzia chekechea hadi sekondari, uwe Tanga au Kisumu, usipate mwenzako hata mmoja anayeitwa hivyo. Kwao Uingereza linajulikana, ingawa nako halijawahi kuwa jina la kila nyumba kama Mary au Elizabeth.

Jina hili lilianza kujulikana kwa tahajia hiyo mwaka 1623, katika kitabu kimoja kikubwa kilichochapwa London. Wasomi wengi wanaamini kwamba liliingia humo kwa kukosewa. Lakini mambo ya herufi tutayafikia. Tuanze na binti mwenyewe.

Paukwa! Nimesikia "pakawa" ya uvivu, lakini haidhuru.

Hapo kale, zama za Kaisari Augusto, yule yule anayetajwa katika Injili ya Luka akiamuru watu wahesabiwe, palikuwa na mfalme wa Uingereza aitwaye Cymbeline. Alijaliwa watoto watatu. Wawili wa kiume waliibwa wangali wadogo, wasijulikane walikopelekwa. Akabaki binti, Imogen, mrithi pekee wa kiti. Mfalme akaoa mke mwingine, mjane aliyekuja na mtoto wake wa kiume, Cloten, kijana wa kelele nyingi na akili haba. Mama wa kambo alikuwa na hesabu zake: mwanangu amwoe binti wa mfalme, kesho na keshokutwa nchi iwe yetu. Imogen naye alikuwa na zake. Alikwisha kuolewa kwa siri na Posthumus, yatima aliyelelewa hapo hapo jumbani, hohehahe wa mali lakini muungwana. Mfalme alipopata habari alifoka, akamfukuza kijana nchini. Wakati wa kuagana mke akampa mume pete ya almasi, mume akamvika mke bangili. Zishikeni hizo pete na bangili, maana ndizo zitakazoleta balaa.

Posthumus akaenda Roma. Huko, penye vijana na mvinyo, mazungumzo yakageuka majivuno, majivuno yakageuka dau. Mrumi mmoja mjanja, Iachimo, akasema hakuna mke asiyeweza kushawishika, awe wa nani. Posthumus, badala ya kunyanyuka akaenda zake kulala, akaiweka pete ya mkewe kuwa dau. Hapo mimi humkasirikia kila mara. Mtu haweki heshima ya mkewe mezani kwa walevi.

Iachimo akavuka bahari hadi Uingereza. Akajaribu maneno matamu, Imogen akamkemea na kutaka kuita watu. Mjanja akageuza kibao papo hapo: ah, bibi, nilikuwa nakupima tu, mumeo ana bahati. Kisha akaomba jambo dogo. Ana sanduku lenye zawadi za thamani za kumpelekea Kaisari. Je, bibi anaweza kumhifadhia usiku mmoja? Imogen kwa wema wake akasema lilazwe chumbani mwake, ndipo penye usalama. Usiku wa manane, binti amelala na kitabu kando yake, kifuniko cha sanduku kikainuka polepole. Humo hamkuwa na zawadi. Alikuwamo Iachimo mwenyewe. Akatoka, akakagua mapazia, picha na nakshi za chumba, akachungulia alama moja ya kuzaliwa mwilini mwa binti, akamvua bangili taratibu, akarudi sandukuni.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Bangili ilipofika Roma, Posthumus aliamini uongo wote. Akamwandikia barua mtumishi wake Pisanio, aliyebaki Uingereza: muue mke wangu. Pisanio alikuwa na busara kuliko bwana wake. Alimwonyesha Imogen barua, akampa nguo za kiume, akamshauri ajifiche. Imogen akajiita Fidele, maana yake mwaminifu, akapotelea katika milima ya Wales. Kwa njaa akaingia pango aliloliona tupu, akala chakula alichokikuta, na wenye pango wakamkuta anakula. Walikuwa mzee mmoja na vijana wawili wawindaji. Vijana wakampenda yule "kaka" mgeni tangu saa ya kwanza, na hawakujua kwa nini. Damu nzito kuliko maji: ndio wale watoto wa mfalme walioibwa, na yeye ni dada yao.

Sitawamalizia. Mbele kuna dawa ya usingizi inayodhaniwa sumu, kuna maiti isiyo na kichwa, na kuna vita vya Waingereza na Warumi kwa sababu ya kodi. Itoshe kusema kwamba mwisho wa tamthilia watu karibu wote wanasimama mbele ya mfalme, na mafundo yanafunguliwa moja baada ya jingine mpaka mtazamaji anahema. Kisa hiki kiliandikwa na William Shakespeare karibu na mwaka 1610, na tamthilia inaitwa Cymbeline, kwa jina la baba. Mimi naona ilistahili kuitwa kwa jina la binti.

Shakespeare mnamjua, hata kama hamjamsoma kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere alimleta kwetu kwa Juliasi Kaizari, kisha mwaka 1969 kwa Mabepari wa Venisi. Na kama darasani kwenu yupo Jessica, mwambieni jina lake linaonekana mara ya kwanza kwa tahajia hiyo katika hiyo hiyo Mabepari wa Venisi. Ni jina la binti wa Shailoki. Inadhaniwa Shakespeare alilifinyanga kutoka jina Iska, lililomo katika Mwanzo sura ya 11. Miranda naye ni wake, kutoka Tufani. Kwa hiyo, kwa mtu huyu, kuwapa wasichana majina mapya haikuwa kazi ngeni. Tofauti ni kwamba Jessica na Miranda aliwakusudia. Imogen huenda hakumkusudia.

Twende London, mwaka 1611. Alikuwapo mganga na mnajimu aitwaye Simon Forman, mtu wa kupiga falaki na kuuza dawa, ambaye alikuwa na tabia nzuri ambayo natamani nanyi muwe nayo: akitoka kutazama mchezo wa kuigiza, huandika kwenye daftari alichokiona. Macbeth aliandika. Cymbeline aliandika. Daftari lake limehifadhiwa mpaka leo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Na katika maelezo yake, binti wa mfalme hakumwita Imogen. Alimwita Innogen.

Forman alifariki Septemba ya mwaka huo huo. Shakespeare naye akafariki mwaka 1616. Tamthilia ya Cymbeline ilikuwa bado haijachapwa; ilikuwa ikiishi katika karatasi za mkono na vinywani mwa waigizaji. Ndipo waigizaji wawili, John Heminges na Henry Condell, waliocheza naye miaka mingi, wakakusanya tamthilia 36 za rafiki yao na kuzipeleka kwenye kiwanda cha chapa cha Jaggard. Kumi na nane kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kutoka kitabuni. Kama si wao, leo tusingekuwa na Macbeth wala Tufani. Kitabu kikatoka mwaka 1623, na tamthilia ya mwisho kabisa ndani yake ni Cymbeline. Humo, ukurasa baada ya ukurasa, binti ni Imogen.

Sasa chukueni kalamu. Waandishi wa Kiingereza wa enzi hizo waliandika herufi zao kwa vijiti vifupi vilivyosimama wima. Herufi n ilikuwa vijiti viwili, m vitatu. Andikeni n mbili mfululizo, bila kuinua kalamu: mmepata vijiti vinne. Andikeni m: vitatu. Sasa fikirini ukurasa mzima wa namna hiyo, wino umesambaa, karatasi imekunjwakunjwa, taa ni mshumaa, na mbele yako kuna neno usilowahi kuliona. Nn au m? Jicho linaamua kwa kubahatisha. Waliosoma madrasa wananielewa haraka: katikati ya neno, herufi za be, te, nuni na ye zina jino lile lile moja, na kinachozitenganisha ni nukta tu. Nukta ikifutika, mkanganyo wa maneno unaanza.

Baada ya hapo kazi ilimfikia mpanga herufi. Huyu alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vingi, akichomoa herufi za risasi moja moja, kila moja ikiwa imegeuka kama inavyoonekana kwenye kioo, akizipanga mstari kwa mstari. Hakuwa na nafasi ya kuuliza maana ya jina. Alichoandikiwa ndicho alichokipanga.

Forman alilipata jina kwa sikio. Alikaa akawasikia waigizaji wakimwita binti jukwaani, akaenda kuandika alichosikia. Wachapaji walilipata kwa jicho, kutoka kwenye karatasi. Sauti ya n mbili ni vigumu kuichanganya na m, lakini maandishi yake ni rahisi mno. Mimi kwa ushahidi huu namwamini Forman, ingawa katika mambo mengine singemwendea hata kwa dawa ya mafua.

Kuna shahidi wa pili, na huyu ndiye nimpendaye zaidi kwa sababu ni mzuka. Mwaka 1600 ilichapwa tamthilia nyingine ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, kisa cha wapenzi waliosingiziwa na wengine waliojifanya hawapendani. Ndani yake kuna liwali wa Messina aitwaye Leonato. Mwanzoni mwa tamthilia maelezo ya jukwaani yanasema anaingia Leonato, pamoja na mkewe Innogen. Mke huyo anaingia, na hasemi kitu. Anatajwa tena kuingia baadaye kidogo, hasemi kitu. Binti yake anadhalilishwa mbele ya kanisa zima, mama hayupo. Bila shaka mtunzi alimpangia nafasi, kisha akaona hamhitaji, akasahau kumfuta. Lakini angalieni majina: Leonato na mkewe Innogen. Miaka kumi hivi baadaye mtunzi yule yule anaandika habari za Posthumus, ambaye jina lake la pili ni Leonatus, na mkewe ni... Hapo hata mtoto wa darasa la tatu atajaza pengo.

Na jina Innogen Shakespeare hakulibuni. Alilikuta katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambamo alichota visa kama mtu achotavyo maji kisimani. Humo Innogen ni mke wa Brutus, mfalme wa kwanza wa Uingereza kwa mujibu wa masimulizi ya kale. Nyuma ya Holinshed yuko mwandishi wa karne ya 12, Geoffrey wa Monmouth, aliyemwita mwanamke huyo Ignoge, binti wa mfalme wa Wagiriki. Msiipeleke hiyo kwenye mtihani wa historia, maana Brutus huyo hakuwahi kuwapo. Lakini jina lilikuwapo.

Wapo wanaopinga hoja ya kukosewa, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema: kosa la mara moja tunalielewa, lakini kitabu cha 1623 kinaandika Imogen kila mahali bila kuteleza hata mara moja. Labda Shakespeare mwenyewe alibadili. Jibu la upande wa pili ni kwamba kabla ya kufika kiwandani tamthilia yaelekea ilinakiliwa upya na mwandishi mwenye hati safi. Mnakili akilisoma jina vibaya mwanzoni, ataliandika vivyo hivyo mpaka mwisho, tena kwa unadhifu. Kosa la mtu makini halionekani kuwa kosa.

Maana ya jina je? Vitabu vya majina vitawaambia kwamba Imogen maana yake ni msichana, au binti, kutoka neno inghean la Wakelti wa Ireland na Scotland. Sawa, ila hiyo ni maana ya Innogen. Imogen ameirithi tu. Wengine hulihusisha na neno la Kilatini lenye maana ya asiye na hatia, na ukikumbuka lile sanduku chumbani utakubali kwamba linamkaa vizuri. Jina kubeba neno la kumtaja mwanamke si jambo la ajabu hata kwetu pwani. Mwana Kupona, mtunzi wa utendi maarufu aliomtungia binti yake mwaka 1858, anaanza jina lake kwa heshima ile ile ya Mwana tunayoisikia katika Mwanaisha na Mwanahamisi.

Kwa muda mrefu baada ya 1623 Imogen alibaki jukwaani zaidi kuliko nyumbani. Wasomaji wa karne ya 19 walimpenda kupita kiasi, wakamwona mke bora kuliko wote katika tamthilia za Shakespeare, na wazazi wapenda vitabu wakaanza kuwapa binti zao jina lake. Mmoja wao alikuwa baba huko Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Binti yake, Imogen Cunningham, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1883. Alisomea kemia wakati ambapo wasichana wachache walisoma chuo kikuu, kisha akaitumia kemia hiyo katika upigaji picha. Picha yake ya ua la magnolia, aliyoipiga miaka ya 1920, imekaribia ua mpaka unaona vijiti vya chavua vimejipanga kama nyuzi za ufagio. Watoto wake walikuwa wadogo wakati huo, kwa hiyo alipiga picha vilivyokuwamo bustanini mwake. Aliendelea na kamera hadi alipofariki mwaka 1976, akiwa na miaka 93.

Tarehe hiyo hiyo, 12 Aprili, lakini mwaka 1907, alizaliwa karibu na London Imogen Holst, mtoto pekee wa mtunzi wa muziki Gustav Holst. Akawa mtunzi na mwongozaji wa muziki mwenyewe, akafanya kazi miaka mingi na mtunzi mwenzake Benjamin Britten, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa miongoni mwa viongozi wa tamasha la muziki la Aldeburgh. Wa tatu mtamjua ninyi kuliko mimi: Imogen Heap, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1977, aliyebuni glavu za kielektroniki zinazomwezesha mwanamuziki kucheza muziki kwa kupunga mikono hewani. Alishirikiana pia na Taylor Swift kutengeneza wimbo wa mwisho wa albamu ya Swift iitwayo 1989.

Marekani walilipenda zaidi likiwa na e mwishoni, Imogene, na siku hizi wengi huko huliona jina la mabibi. Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 lilichipuka, likaingia miongoni mwa majina 100 yanayopewa zaidi watoto wa kike wa England na Wales. Australia pia lina wenyewe. Kwingineko duniani bado ni jina la kuulizwa mara mbili: umesema nani?

Binti mwenyewe amefika hata karibu na kwetu. Mwaka 2012 jumba la maonyesho la Globe, London, liliwaalika wasanii wa mataifa mbalimbali waigize tamthilia za Shakespeare, kila kundi kwa lugha yake. Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka tangu ipate uhuru Julai 2011, ilileta Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Fikirini: kisa cha nchi ndogo inayokataa kuilipa kodi dola kubwa, kinachezwa na watu waliotoka vitani jana. Kiswahili nacho kilikuwapo katika tamasha hilo, kwa kisa cha wake wacheshi wa Windsor.

Ubishi wa herufi haujaisha. Mwaka 1986 wahariri wa Oxford walichapa upya kazi zote za Shakespeare na kumrudishia binti n zake mbili: Innogen. Wengine wakawafuata, wengine wakagoma. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya maigizo ya Stratford, alikozaliwa Shakespeare, ilicheza Cymbeline na kumwita binti Innogen. Mwaka huo huo Globe nao wakaicheza, wakaifuta Cymbeline kwenye bango na kuipa tamthilia jina jipya: Imogen.

Mkiniuliza mimi, Shakespeare aliandika Innogen. Lakini singemshauri msichana yeyote aitwaye Imogen aende kula kiapo kwa wakili ili abadilishe cheti chake cha kuzaliwa. Jina limekwisha kuitikiwa na wengi mno. Na ninyi, siku mtakayokutana na nakala ya Cymbeline maktabani, fungueni kwanza orodha ya wahusika. Mkikuta m moja, mhariri wenu alikifuata kitabu cha 1623. Mkikuta n mbili, alimsikiliza mganga.